Nilibadilishwa kwa Mtungi

Wengine wamezaliwa, basi. Mimi nilizaliwa, halafu nikabadilishwa kwa mtungi wa maji, na anayeijua Newala ya wakati wa Mwingereza anajua kwamba hiyo si thamani ndogo. Newala iko juu, maji yalikuwa chini. Wanawake walitoka jogoo wakiwika, wakateremka ukingo wa mlima mpaka chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani jua limeshakuwa kali. Aliyeangusha mtungi njiani alipokewa nyumbani kama aliyeleta habari ya msiba.

Mama aliyenilea alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Siku hiyo alikuwa ameshajaza mtungi wake, ngata iko kichwani, anatafuta mtu wa kumtwika. Akatokea mwanamke kutoka upande wa Ruvuma, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, mimi mgongoni. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, wale ambao sisi huku tuliwaita Wamawia. Kule kwa Mreno walikuwa wakilazimishwa kulima pamba, na yeye na jamaa zake walikuwa wametoroka.

"Dada," akamwambia mama, "watu wangu wamejificha porini mbali na mto. Hawana hata cha kuchotea maji. Nipe mtungi wako."

"Mtungi wangu? Na mimi nichotee nini?"

"Nishikie mtoto. Analia ovyo, atatufichua kwa askari. Wewe unashika mtoto, mimi nashika mtungi. Nikirudi tunabadilishana."

Kabla mama hajajibu, nilikuwa mikononi mwake. Yule mwanamke akauinamisha mtungi, akayamwaga maji yote pale pale, akashika njia ya mtoni. Mama alikuwa akisimulia habari hii mpaka uzeeni, na kila akifika hapo alishika kifua. Kupewa mtoto kulimshangaza, lakini kuona maji yanamwagwa kulimuuma.

Alipofika nyumbani baba akauliza, "Maji yako wapi?"

"Yamekuwa mtoto."

Yule mwanamke hakurudi. Nikakua. Wenzangu waliniita mtoto wa mtungi, wakidhani watanikomesha. Nilikuwa nawauliza, "Na wewe mama yako alikupata kwa nini? Si bure tu?" Shule nilikaa madarasa mawili, nikaona kalamu na mimi hatuelewani. Nikaenda kupasua mbao. Huyu juu ya gogo, huyu chini shimoni, msumeno unapanda na kushuka, unga wa mbao machoni. Nilianzia chini, nikapanda juu, halafu msumeno ukawa wangu. Mbao zangu zimeezeka majengo mengi kutoka Ndanda hadi Masasi. Nikapata shamba Lisekese, nikapanda mikorosho, nikajenga nyumba ya madirisha ya mbao. Hakuna aliyenipa hata msumari.

Hapo nikataka kuoa. Binti alikuwa wa Lisekese, baba yake mwalimu wa shule ya misheni, watu wa kanisa tangu babu zao. Nikasema hawa ni wasomi, watanidharau kwa madarasa yangu mawili. Hawakunidharau hata kidogo. Baba yake alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia, "Kwa upande wangu na wa kanisa, hakuna neno. Lakini mwenye mtoto ni mjomba wake. Kaongee naye."

Ndivyo ilivyo kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao. Ukoo unafuata mama, na mtu haoi ukoo wake. Mjomba wa binti alikuwa anabangua korosho nje ya nyumba yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza ukoo. Nikataja ukoo wa mama.

"Huo ni wa aliyekulea," akasema. "Nauliza wa aliyekuzaa."

"Siujui."

"Basi nikikupa binti halafu ikaonekana ni dada yako, tutawaita wajukuu nani? Nenda katafute, baba. Binti hatakimbia, lakini hatazeeka akikungoja pia."

Niliondoka nimekasirika, kwa kuwa alikuwa na haki. Nikaenda Newala kumwambia mama kwamba nataka kuvuka Ruvuma, nimtafute aliyenizaa. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Utawajuaje?"

"Nitauliza."

"Ukiuliza hivyo tu, utapata mama kila kijiji. Mwanamume mzima, viatu miguuni, nani atakukataa? Waulize hivi: mtungi ulikuwa na maji, yale maji yalifanywa nini? Atakayejua, ndiye." Akatwanga kidogo. "Na ukishampata, ukumbuke njia ya kurudi."

Nikavuka kwa mtumbwi, nikapanda nyanda zao upande wa pili. Kweli, wanawake waliowahi kuacha watoto huku kwetu walikuwa wengi, na jambo hilo sikulitegemea. Walikuja kunitazama masikio, vidole, wakalia. Mmoja akasema maji alimpa mtoto. Mwingine akasema aliyanywa kwa kiu. Mzee mmoja alidai maji yaligeuka damu. Huyo nilimwacha anaendelea kusimulia. Kuwaacha wale akina mama kulikuwa kugumu kuliko kupasua mninga. Kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu kweli, ila si mimi.

Katika kijiji kimoja nikaonyeshwa mwanamke anayemenya mihogo. Nikamwamkia, nikauliza swali langu. Hakuinua macho.

"Niliyamwaga," akasema. "Mtungi ukijaa huwezi kukimbia nao. Ya kujaza yalikuwepo mtoni."

Nikakaa chini. Yeye akaendelea na mhogo wake mpaka ukaisha, ndipo akanitazama, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Yule dada, kwao walimsema kwa ajili ya maji?"

"Wanamsema mpaka leo."

Akacheka, ndonya ikatikisika, halafu akalia. Walikamatwa siku ile ile, akaniambia, wakapelekwa mbali, kwenye mashamba ya pamba. Walipoachiwa, aliona aibu kuja kudai mtoto kutoka kwa mtu aliyemmwagia maji. Mtungi hakuuacha, hata huko alikwenda nao. Ulikuwa pembeni ya nyumba, mdomo umemeguka, ndani mna mbegu za kunde. Akanitajia ukoo wake. Haukuwa ukoo wa binti yule. Nilimwambia auseme tena, ili niusikie tu.

Yeye hakuweza kusafiri, magonjwa ya miguu. Akamtuma kaka yake aje kunisimamia. Mzee huyo alivuka na mimi akiwa na furushi begani, na kila nikitaka kumpokea alisema, "Acha, si lako."

Siku ya posa tukakaa uani kwa mjomba wa binti. Upande wangu walikuwepo mama, kaka yake mama, na mjomba wangu wa ng'ambo. Mjomba wa binti akatutazama mmoja mmoja.

"Mara ya kwanza ulikuja huna mjomba. Leo unao wawili. Ninaongea na nani?"

Kaka yake mama akajibu haraka, "Mimi nilimsimamia jandoni. Huyu mwenzangu ana ukoo. Chagua mwenyewe."

Watu wakacheka. Ukoo ukatajwa, ukapimwa, ukaonekana haugongani na wao. Mjomba wa binti akasema sasa hana la kuzuia. Mimi nikadhani yamekwisha.

Mjomba wa ng'ambo akafungua furushi. Ulikuwa ule mtungi. Akaupeleka mbele ya mama kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Dada yangu anakushukuru. Alisema ukirudi mtungi, deni la aibu limekwisha."

Mama alirudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa.

"Siuchukui."

Wakamwambia, chukua, mama, ni heshima. Akasema, "Nyinyi hamkuwepo chemchemini. Mapatano yalikuwa hivi: nikipokea mtungi, natoa mtoto. Sitoi. Huyu nilimpandisha mlima mwenyewe. Mpeni ukoo, mpeni na wajomba kumi mkitaka. Mtungi rudini nao."

Nimesifiwa mara nyingi maishani kwa mbao, kwa mikorosho na kwa nyumba. Sifa kama ile sijapata tena.

Mjomba wa ng'ambo hakukasirika. "Dada alijua," akasema. "Aliniambia, akikataa, nimpe mke wa mtoto wetu." Akageuka, akauweka mtungi miguuni kwa binti, aliyekuwa amekaa na wanawake wa kwao. Mama akafikiri, akasema, "Hapo sina neno."

Mtungi ukakaa nyumbani kwangu Lisekese, pembeni ya mlango, maji yake baridi kuliko ya mtungi mwingine wowote. Mama alipokuja kututembelea alikunywa maji yake na kuyasifu. Lakini kuchota, lazima achotewe na mtu mwingine. Mkono wake haukuugusa mpaka anakufa.