Mwanamke wa Mashine Namba Tatu

Mwanamke anayeendesha mashine namba tatu ya kukereza chuma, hapa kiwandani kwetu Coimbatore, India, huvaa koti la buluu juu ya sari na kuuficha msuko wake ndani ya kola. Kila chuma kikitoka hukipitishia ukucha wa kidole gumba, na ukucha huo humwambia kasoro ambazo mimi huzitafuta kwa kipimo na miwani. Mimi ndiye mhandisi. Nina digrii, na kalamu nne mfukoni.

Kompyuta ya mashine hutii namba tu, na mwandishi wa namba ni mimi. Jumatatu nilimletea programu mpya ya mihimili ya pampu. Kama kawaida yake, aliiendesha kwanza mashine ikiwa tupu, bila chuma, kidole juu ya kitufe chekundu.

“Dada, huniamini?” nikamtania. “Hiyo kaandika msomi.”

Kisu cha kukerezea kikaruka hadi pale ambapo chuma kingekuwa kinazunguka. Akabonyeza. Mashine ikanyamaza.

“Msomi,” akasema kwa sauti yake ya chini, akinionyesha hamsini yangu kwenye skrini, “nukta ya hapa umeinywa na chai?”

Bila nukta mwishoni, mashine huhesabu kwa sehemu za elfu za milimita, kwa hiyo hamsini yangu ilikuwa imeisoma kama karibu sifuri. Kungekuwa na chuma, kisu kingekigonga na kupasuka, na aliyesimama mbele yake ni yeye, si mimi.

Mwenye kiwanda akatokea. “Mbona mmesimama?”

“Tunakagua programu, bwana,” akajibu yeye.

Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa akikagua.