Kaunsela wa Wadi Yetu

Mlio ninaoukumbuka ni wa komeo. Kra. Saa nne ya asubuhi, jua kali, na ndugu yangu mkubwa anajifungia chumbani. Kwetu karibu na soko la Tawa mlango haufungwi mchana isipokuwa kuna maiti au kuna mgeni anaoga.

Alikuwa ametoka chuo kikuu katikati ya muhula. Halali, hali, haongei. Majirani walikuja wakapima ugonjwa wakiwa wamesimama tu uani: vitabu vimempanda kichwani. Mimi niliyeishia darasa la saba nikaambiwa nishukuru, kichwa changu kina nafasi.

Barua ya chuo ilifuata. Baba aliisoma kwa kidole, Kiingereza chote, akafika mahali akatabasamu. Chuo kilitaka kijana aonane na kaunsela kwanza, ndipo arudishwe darasani. Asipofanya hivyo, nafasi yake imekwenda.

Kaunsela! Tulikuwa naye, diwani wa wadi yetu, tulimpigia kura sisi wenyewe. Nani angefikiri kuna kaunsela mwingine huko chuoni, mtu anayelipwa mshahara akae kwa kiti asikilize shida za wanafunzi? Mwaitu, yaani mama, alikamata kuku, na mimi nikatumwa nimsindikize ndugu yangu.

Mheshimiwa alitupokea vizuri. Kuku pia alimpokea vizuri.

"Haya kijana, sema shida yako. Hapa serikali ni mimi."

Ndugu yangu aliangalia viatu vyake. "Nashindwa kulala, mzee."

"Hiyo ni mambo ya maji," kaunsela akasema, na akatueleza habari ya bwawa atakalochimba, halafu ya maadui zake, halafu ya goti lake. Tulimsikiliza mpaka chai ikapoa. Mwishowe aliandika kwamba kijana huyu ni mtu wa amani na familia yake haina siasa mbaya, akapiga muhuri, akaupulizia ukauke.

Njiani ndugu yangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, nami nikacheka, mimi huwa sihitaji kuombwa. Kisha nikaona mabega yake yanatetemeka na kicheko hakipo tena.

Aliniambia kwamba kwenye mtihani maandishi yalitembea yakatoka kwenye karatasi. Alirudisha karatasi nyeupe. Na kila alipofumba macho aliwaona watu wa Tawa waliomsindikiza na nyimbo siku ile alipokwenda chuo, wote, wamesimama wakingoja. Kaunsela wa kweli yuko chuoni, alisema. Alifika mlangoni kwake mara tatu akageuka.

Nikamuuliza kwa nini basi hakutuambia kwamba tunampeleka kwa mtu asiyehusika.

"Baba alikuwa amefurahi," akasema. "Na kuku alikuwa ameshafungwa miguu."

"Basi ukirudi umwambie vile umeniambia mimi."

"Siwezi mara mbili."

Wiki ileile baba alianza kumpigia suti pasi. Barua ya muhuri iliwekwa ndani ya Biblia isikunjike. Ndugu yangu alikubali kila kitu kwa kichwa, na nilijua atafika kwa ule mlango mara ya nne, atageuka.

Niliota mambo mengi miaka ile, kusoma habari kwa redio, kufungua saluni Kitui, lakini sikuwahi kuota nitaandikia chuo kikuu. Nilichomoa karatasi ya katikati ya daftari. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo niliandika kwa Kiswahili:

"Kwa kaunsela wa kusikiliza. Kuna kijana mrefu, koti la kahawia. Hufika mlangoni kwako akageuka. Tafadhali usingoje abishe. Mwite."

Anwani niliinakili kutoka kwenye barua ya chuo. Sikumwambia mtu. Nilisema naenda kusagisha mahindi, na kweli niliyabeba. Tawa nikanunua bahasha na stempu, nikailamba, nikatumbukiza barua ndani ya sanduku la posta. Halafu nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nipapase kama imeanguka.