Ngoja Mpaka Aseme Niko

Nilikuwa fundi wa foni hodari kuliko wote Likasi, na anayebisha aje tubishane. Foni ndivyo tulivyoiita redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Yangu ilikuwa katika chumba cha mfanyabiashara mmoja huko Panda, betri ya lori chini ya meza, waya juu ya nguzo mbili. Simu za posta zilikuwa zimekufa, barua zilikaa miezi njiani, na majirani zetu wengi wenye asili ya Kasai walikuwa wamepanda treni kwenda huko, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa hofu. Waliobaki walikuja kwangu kuwatafuta.

Foni si simu. Ukibonyeza kitufe cha maikro, kipaza sauti cha mkononi, unasema, lakini husikii kitu. Ukiachia unasikia, lakini huwezi kusema. Kwa hiyo mtu wa upande wa pili akitoweka katikati ya maneno yako, hutajua. Na kwetu sisi ilikuwa vibaya zaidi, maana mtoto mwenye adabu hamkatizi mzazi wake. Kimya cha heshima na kimya cha betri iliyokufa, nani atavitofautisha?

Mama mmoja aliongea na mwanawe karibu asubuhi nzima, akaenda zake anacheka. Baada ya wiki kadhaa msafiri akamletea barua: mama, mbona ulinisalimu tu ukanyamaza? Mama alikuja nayo, akaiweka mezani pangu, akaondoka. Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Ndipo nilipotunga sheria yangu. Kila baada ya sentensi mbili tatu, achia kitufe, ngoja mwenzako aseme "niko". Asiposema, nahesabu pumzi tano, namwita mara tatu, kisha nasimamisha mazungumzo. Na neno la mwisho lililojibiwa naliandika kwenye daftari, ili akirudi tuanzie hapo. Hakuna aliyenifundisha hayo. Watu walinung'unika, wakaniita mama kamanda, halafu wakazoea.

Asubuhi moja akaja mzee, mstaafu wa tanuru la kiwanda, amevaa koti lake la kanisani. Binti yake alikuwa katika mji wa Mwene-Ditu, huko Kasai. Alimfuata mumewe, Mkasai, ingawa baba alimkataza, na siku ya treni mzee hakwenda stesheni kumuaga. Sasa siku za kujifungua zilikuwa zimefika na binti ametuma ujumbe kwamba anaogopa. Kwetu, baba akikaa na kinyongo, uzazi wa binti hukwama. Lazima baba atamke mwenyewe kwamba moyo wake ni mweupe, na binti amsikie kwa masikio yake.

Nikamweleza sheria yangu.

"Mutoto hakatake maneno ya baba yake," alisema.

"Kwa foni anakata, papa."

Hakunijali. Alishika maikro kama aliyeshika koleo la tanuru, akasalimia, akataja shangazi mmoja mmoja, akarudi kwenye ile siku ya treni. Mwisho akasema, "Leo roho yangu iko mweupe juu yako," na bado kidole kilikuwa kwenye kitufe, akiendelea na mengine. Nikamnyang'anya maikro, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wote waliokaa kwenye benchi.

"Mwene-Ditu, Mwene-Ditu, munanisikia? À vous." Yaani zamu yenu. Nikaachia kitufe.

Mvumo tu, kama vitunguu kwenye mafuta. Nikaita tena, na tena.

"Weye mutoto, unanikata maneno?" mzee aliniuliza.

"Hakuna muntu kule, papa. Ulikuwa unasema na hewa."

Alisimama akafunga vifungo vya koti. "Nilishasema. Mungu alisikia."

"Mungu alisikia, papa. Mutoto hakusikia."

Nilimwambia kwa ukali, na sijutii hata kidogo. Akaketi tena.

Tulingoja sana. Fundi mwenzangu wa Mwene-Ditu aliporudi hewani, alisema betri yao ilikwisha wakaazima nyingine. Nikauliza binti alisikia mpaka wapi. Mpaka salamu za shangazi, akajibu, na nikaandika hivyo. Mzee akataka kuanza upya tangu mwanzo.

"Hapana, papa. Anza na ile ya roho. Mengine yatangoja."

Akabonyeza. "Mutoto yangu, roho yangu iko mweupe juu yako." Akaachia kitufe.

Nikahesabu pumzi. Moja. Mbili. Tatu.

"Niko, papa," binti alisema, na tulisikia kwamba analia. "Nilisikia."

Yule mzee ambaye mtoto hamkati maneno alibonyeza tena, maikro ikimgusa midomo.

"Sema tena," alisema, akaachia kitufe upesi asije akamkosa.