Chupa ya Mzee Donato

Wiki iliyopita katoni ilianguka kwenye ghala ninakofanya kazi hapa Columbus, na mvinyo mwekundu ukatambaa sakafuni hadi kwenye buti zangu. Wenzangu walikimbilia mopu. Mimi nilisimama nikinusa tu, maana harufu ile ilinirudisha Buffalo, kwenye mtaa mdogo nyuma ya Grant Street, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Jirani yetu, Mzee Donato, alikuwa Mwitaliano wa mwisho mtaani. Kila vuli alinunua makreti ya zabibu nyeusi na kuziponda kwenye chumba cha chini, hadi mapazia yetu yakanuka uchachu mtamu. Mke wake alikuwa amekufa, binti yake akiishi Louisville. Mimi nilipotoka shule alikuwa tayari yupo kwenye uzio, akinisubiri ili apate wa kuzungumza naye. Alichukia nikisema mvinyo wa Italia. Hakuna kitu kama hicho, alinionya: kuna wa Piemonte, watu wanaojiona wafalme, kuna wa Sisilia, na kuna wa kwao Basilicata, wa zabibu za alianiko zinazoota kwenye majivu ya volkano iliyozimika. Nikamwambia Mama naye alizaliwa chini ya volkano, karibu na Goma, ila ya kwetu haijazimika. Alifurahi mno, akauliza sisi tunapanda nini pale. Nikasema maharagwe.

Jumapili moja akagonga mlango wetu. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, mkononi ana chupa isiyo na lebo. Akampa Mama, akainama kidogo, akaenda zake.

Sasa ninyi wa kwetu mmeshaelewa. Nyumbani Kivu, mwanamume aliyefiwa akimletea mjane kinywaji, tena amejipamba, hana haja ya kuongeza neno. Ukikifungua, umekubali. Mama alikuwa mjane tangu kabla hatujapanda ndege kuja Marekani. Aliiweka chupa juu ya kabati, akawa anaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Alisuka nywele upya. Hakumwambia mtu yeyote kanisani. Kisha jioni moja akanikabidhi.

"Umurudishie," akasema. "Umuambie aksanti sana, lakini mi sitafute bwana." Akafikiri kidogo. "Bon, ile ya bwana usiseme. Sema aksanti tu."

Mzee Donato aliigeuza chupa mkononi, akaona kizibo hakijaguswa.

"Hata kuonja?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Akasema sawa, akafunga mlango taratibu. Tangu siku ile hakuja tena kwenye uzio.

Alikufa kabla baridi haijaisha. Binti yake alipokuja kuondoa vyombo, alitoa chupa baada ya chupa, zote zimejaa. Aliketi kwenye ngazi akanieleza kwamba kijijini kwa baba yake, mvinyo mpya haufunguliwi na aliyeutengeneza. Jirani ndiye huonja kwanza, kisha humwita mwenyewe wakanywe pamoja. Majirani zake wa zamani walikuwa wamehama au wamefariki, akawa amebaki na sisi tu.

Nilikimbia kumsimulia Mama. Alicheka.

"Kumbe alikuwa anataka tu nionje," akasema.

Akacheka tena kidogo, akaingia jikoni, akafungulia maji kwa muda mrefu bila kuosha chochote.

Nilidhani anamlilia Mzee Donato, nami nikalia kwa sababu hiyo. Ilibidi nifikie umri aliokuwa nao Mama, nikiishi peke yangu huku mtaa wa Linden, Columbus, simu ikikaa kimya Jumapili nzima, ndipo nikaelewa. Baridi ile yote Mama aliamini kuna mtu upande wa pili wa uzio aliyemtaka. Alikuwa amemkataa, ndiyo, lakini alikuwa naye. Na mimi, nikitweta kwa furaha ya kuwa na habari, ndiye niliyemwambia kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo.