Mwambie Aje Mwenyewe

Baba mdogo alikuja na jani la isale Jumamosi moja asubuhi, mama akiwa anamenya ndizi na mimi nikiwa ndio kwanza nimefika kutoka Njoro, mjini Moshi. Alikuwa amelifunga fundo, akalishika mbele ya kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Nilimwamkia. Aliitikia kwa sauti iliyokwaruza, kisha akamuuliza mama, "Shemeji, kaka yuko?"

"Yuko," mama alijibu bila kuinua macho. "Kama huko ndiko kuwepo."

Kwetu Marangu mmea wa isale hupandwa mpakani, kati ya kihamba na kihamba, yaani yale mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa ambamo tunazaliwa na kuzikwa. Hupandwa pia juu ya makaburi. Na mtu aliyekosa akitaka kusamehewa huchuma jani lake, hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Jani hilo halikataliwi. Unaweza kulia kwanza, unaweza kutukana, lakini mwisho unalipokea.

Kosa la baba mdogo lilianzia kwenye mimea hiyo hiyo. Miaka mingi iliyopita, akitafuta nafasi ya banda la ng'ombe, aliyang'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani ya eneo la baba. Haikuwa ardhi kubwa: migomba michache, mibuni kadhaa, na kaburi la bibi. Kaburi ndilo lililoharibu mambo. Bibi alikuwa mama yao wote wawili, na asubuhi ile aliamka yuko upande wa mtoto mmoja. Baba alikuwa na desturi ya kulipaka chokaa kaburi hilo kila Desemba, kabla ndugu hawajapanda kutoka Dar na Arusha. Aliacha. "Siwezi kupiga hodi ndipo nimwone mama yangu," alisema, na hakuvuka tena. Kanisani walikaa pande mbili tofauti, na mchungaji akawa anahubiri katikati yao.

Baba mdogo alijua anachopaswa kufanya. Kilichomchelewesha ni desturi yenyewe. Isale linataka mashahidi, na mashahidi wetu huja Desemba. Basi kila mwaka alisubiri Desemba, na ilipofika, uani kumejaa mashemeji wenye magari na wajukuu wasiojua Kichagga, aliona aibu. Januari watu wakishaondoka ujasiri ulimrudia, mashahidi hawapo. Ikaendelea hivyo mpaka akili ya baba ikaanza kumwacha.

Kwanza alikuwa akitafuta kofia aliyoivaa. Baadaye alimuuliza mama kwao ni wapi na kama ana watoto. Daktari mmoja wa mjini Moshi alitueleza kwa upole kwamba ya karibuni yangeondoka kwanza, ya zamani yangefuata, na tusitegemee jambo jipya kushika. Chuoni niliwahi kusoma hoja kwamba mtu ni mfululizo wa kumbukumbu zake, na kwamba mfululizo ukikatika, anayebaki ni mtu mwingine ndani ya mwili ule ule. Darasani niliipenda, ilikuwa safi na haikumgusa mtu ninayemjua. Nyumbani ilinishinda. Huyo mtu mwingine alipuliza chai kama baba. Alipita chini ya migomba akikata majani makavu bila kukosea hata moja. Majina yetu yalikuwa yamemtoka, lakini hasira yake na mdogo wake ilikuwa pale pale, nzima, kama jiwe linalobaki mtoni maji yakikauka.

Asubuhi ile alikuwa ameketi barazani, juani, blanketi magotini. Baba mdogo alisimama mbele yake na kusema kwa Kichagga, "Kaka, nimekuja."

Baba alimtazama kwa makini. Alijiweka sawa kitini, akajibu kwa Kiswahili, lugha tunayowapa wageni.

"Shikamoo, mzee."

Kisu cha mama kilisimama kwenye ndizi. Hapa mlimani mkubwa hamwamkii mdogo wake hata kwa mzaha.

"Kaka, usiniamkie. Mimi ni mdogo wako."

"Mdogo wangu!" Baba alicheka mpaka blanketi likamdondoka. "Mdogo wangu ni kijana. Ana nywele hizi, tena ana mdomo! Akicheka hapa unamsikia sokoni. Wewe mzee wangu hata sauti huna. Shikamoo, nasema."

"Kaka..."

"Haa! Mzee anakataa salamu. Nimekukosea nini?"

Baba mdogo alitazama miguu yake. "Marahaba," alisema.

Ndipo baba alipoliona jani. Kicheko kilimtoka usoni. Hakutujua sisi, lakini isale lililofungwa fundo alilijua.

"Nani amekutuma?"

Ni kweli kwamba mwenye kosa anaweza kumtanguliza mtu mzima na jani, apoze kwanza, kisha yeye afuate.

"Ni yule, siyo?" baba aliendelea. "Yule mhamisha mipaka. Mtu wa umri wako anakupandisha kilima, yeye kakaa kwake anakamua ng'ombe. Hana haya." Aliliinamia jani bila kuligusa. "Rudi nalo, mzee wangu. Silikatai, sikia vizuri, silikatai. Mwambie aje mwenyewe."

"Nimekuja mwenyewe," baba mdogo alisema.

"Umekuja wewe," baba alimjibu kwa upole. "Yeye hajaja."

Kisha akamgeukia mama na kumwomba, kwa adabu ya mtu aliyealikwa, ampe mgeni chai.

Baba mdogo alinywa chai ile yote. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye masale, na hapo akaniambia kilichomleta nje ya Desemba. Ile sauti haikuwa mafua. Ilikuwa saratani ya koo, na hospitali walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba hatapona. "Mwanangu," alisema, "siogopi kufa. Naogopa kulala pembeni ya mama na hili bado ninalo."

Alirudi Jumamosi iliyofuata na jani jipya. Safari hii alivaa koti la kahawia alilooa nalo, lililokuwa likimning'inia kama limetundikwa mlangoni. Baba alilitambua mara moja.

"Amekupa na koti lake? Afadhali. Baridi ya huku siyo ya kuchezea. Lakini yeye mwenyewe yuko wapi?"

Alirudi tena, na tena. Kufikia safari ya nne kilitokea kitu ambacho daktari alisema tusikitegemee. Baba alimwona akiingia getini, akanyanyua mkono. "Amekutuma tena! Pole, mzee wa jani. Kaa." Alikuwa amemkumbuka. Katika mambo yote mapya ya miaka ile, mke anayemlisha, wajukuu waliozaliwa, jambo lililoshika lilikuwa hilo moja: mzee asiye na sauti, anayetumwa kila Jumamosi na mtu asiye na haya.

Wakawa wanaketi pamoja. Baba alimsimulia mgeni wake habari za yule mdogo wake: alivyombeba mgongoni kumvusha mfereji, walivyoiba maziwa ya ndama, alivyomfundisha kukata majani ya mgomba asiuumize. Kisha alimsimulia masale na kaburi. Baba mdogo alisikiliza yote, jani likinyauka mapajani.

Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alimwambia kwamba kwa Mungu mtu ni roho, roho haisahau wala haizeeki, na kwamba ameshasamehewa. Baba mdogo alitusimulia jibu alilompa: "Nikamwambia, mchungaji, nashukuru. Lakini lile kaburi halikuwa la mama yake Mungu."

Mama, ambaye hakuwa na subira na mambo yasiyo na mwisho, ndiye aliyeleta shauri. Baba mdogo ana mtoto wa kiume, mpagazi wa mlimani, ambaye ni yeye mwenyewe wa zamani: nywele, mabega, mpaka kile kicheko.

"Mlete kijana wako, shemeji. Apige magoti hapa na jani lake. Mzee atalipokea, wote tutapumzika."

"Atakuwa amemsamehe nani?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Hapana, shemeji. Atakuwa amemsamehe mtu ambaye hajang'oa kitu. Mimi nitabaki nalo."

"Basi baki nalo," mama alisema, akigonga kikombe chini. "Ukoo mzima wabishi. Nilionywa na sikusikia."

Nikishuka mjini jioni ile niliwaza kwamba huenda baba hakukosea sana. Nani alikuwa mwenye kosa? Kijana mwenye jembe, mwenye kiburi, aliyeona kaburi la mama yake ni sehemu ya nafasi anayoitafuta. Kijana huyo hakuwahi kupanda kilima na jani. Aliyepanda ni mzee aliyepungua, mwenye hofu, anayemwita kaka yake kwa sauti isiyofika mbali. Sisi tuliwaona kuwa mtu mmoja kwa kuwa tulikuwepo wakati mmoja anageuka kuwa mwingine. Baba ndiye pekee aliyewatenganisha. Niliona hoja yangu ya chuoni imesimama barazani kwetu, imetimia, na haikumfaa mtu yeyote.

Baba mdogo aliacha kuja mvua zilipoanza. Alifariki kabla hazijaisha.

Tulimzika kihambani kwake, pembeni ya bibi, kama alivyotaka. Tulimvalisha baba suti, mama akamshika mkono mmoja na mimi mwingine. Mpakani nilijiandaa kwa lolote, lakini aliyapita masale bila kusita, akiangalia tu asiteleze kwenye tope. Alisimama hatua chache kutoka kwenye kaburi la mama yake, ambalo hakuwa amelikaribia tangu nikiwa mtoto, na hakuligeukia.

"Nani amekufa?" alininong'oneza.

Mama alinitangulia. "Yule mzee wa jani."

Macho yake yalijaa machozi. "Masikini," alisema. "Masikini mzee wa watu."

Alirusha udongo wake kama wengine. Kaburi lilipofunikwa, kijana wa marehemu alitoka nyuma ya banda la ng'ombe na mche wa isale mikononi, aje aupande kichwani pa baba yake. Alikuwa bila kofia, nywele zimelowa. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Baba alituponyoka mikononi.

"Umekuja," alisema kwa Kichagga, safari hii kwa sauti ya kaka mtu. "Leo umekuja mwenyewe."

Mashahidi wote waliotakiwa walikuwepo, kutoka Dar, kutoka Arusha, hata waliofunga maduka yao Holili. Kijana alinitazama mimi, akamtazama mama, akiwa hajui afanye nini na mche ule. Baba aliuchukua. Aliushika dakika nzima, udongo ukimdondokea viatuni.

"Nimepokea," alisema. "Kwangu yameisha. Lakini huyu mzee," akaonyesha kaburi kwa kidole, "umemtembeza na mvua mpaka amekufa. Huyo kamwombe msamaha mwenyewe."

Alimrudishia mche. Kijana aligeuka, akapiga magoti kwenye tope mbele ya kaburi la baba yake, akaanza kuchimba kwa mikono.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta baba barazani, blanketi magotini, anatazama getini. Nilimwamkia. Aliniitikia vizuri, kama unavyomwitikia mtoto wa jirani, akaendelea kutazama.

"Yule mzee wa jani," aliniambia baada ya muda, "leo kachelewa."