Kutoroka na Kukimbia

Sijawahi kuamini kwamba sheria inamlinda mtu kwa sababu tu imeandikwa. Nilibishana hivyo chuoni, na nikabishana tena siku niliyoajiriwa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria pale Bakoba, mjini Bukoba. Wakili wetu mkuu, mama wa mtaa wa Kashai asiyeishiwa utani, alicheka. "Mwanangu, wewe hata chai unaiuliza kwa nini ni ya moto."

Wiki hiyohiyo akanipeleka Muleba. Msichana mmoja kutoka Burundi, aliyekuwa akichuma kahawa kwenye shamba la watu huko, alikuwa amekamatwa kwa kukosa kibali. Aliyemchongea ni mwanamume aliyemwoa kwa nguvu kwao na kumuunguza mkono kwa pasi. Tulipofika ofisi ya uhamiaji tulimkuta huyo bwana ametulia kwenye benchi, anasubiri akabidhiwe mkewe.

"Hapa hamna kesi, Mama," afisa alimwambia wakili. "Mwenyewe amekiri ametoroka kwa mume. Mke aliyetoroka si anarudishwa?"

Nikamgeukia msichana. "Dada, ulisema umetoroka?"

"Ndiyo. Ndivyo wanavyosema wote kule shambani. Yule mtoro."

Neno hilo lilinikera. Anayetoroka ni mfungwa, au mwanafunzi aliyekwepa kipindi. Ana mahali anapotakiwa kuwa. Lugha ya msichana huyu ni Kirundi. Kiswahili alikiokota kwenye mibuni, na waliompa neno walimpa na hukumu yake. Nikamweleza tofauti: kuna kutoroka, na kuna kukimbia hatari.

"Wewe! Unamfundisha la kusema?"

"Namfundisha Kiswahili, afande. La kusema atachagua mwenyewe."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Msichana akakunja mkono wa blauzi mpaka kovu likaonekana lote. "Afande, mimi sikutoroka. Nilikimbia. Huyu aliniunguza. Nikirudi ataniua. Naomba nibaki."

Mwanamume akaruka juu. "Mwongo! Ni mke wangu, nimemtolea ng'ombe!"

"Basi wafuate ng'ombe wako, baba," Mama alimjibu. "Huyu ni mtu."

Afisa aliliangalia lile kovu, akamwamuru yule bwana atoke nje. Kisha akasema ombi la hifadhi atalipokea, na msichana atakaa Bukoba, kwenye nyumba tunayowahifadhi wanawake, mpaka lisikilizwe.

Bado najiuliza ingekuwaje tungemkuta afisa mwingine. Sheria ilikuwa ileile kabla hatujaingia. Ila nilimsikia binti akijitetea kwa lugha ya kuazima, mbele ya mtu aliyemuunguza, na sauti yake haikutetemeka.

Nje aliuliza akae wapi kwenye gari.

"Popote upendapo," Mama akasema.

Akachagua kiti cha mbele. Mimi nikajibana nyuma na mafaili, nikijivuna njia nzima mpaka Bukoba.