Mlinzi wa Miche na Jumamosi Zake

Habari za kifo chake nilipewa na Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, ambaye marehemu alikuwa akinunua waya kwake. "Yule askari wa msitu wa kwenu amefariki, bwana, umesikia?" Nikasema sijasikia, nikachukua misumari yangu, nikaondoka. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnanijua, mimi hulia hata harusini. Safari hii hakuna chozi. Nimekufa ganzi. Mazishini nilisimama nikitazama viatu vya watu. Hakukuwa na kwaya wala mhubiri, na sababu yake naijua kuliko wengi.

Marehemu alikuwa mlinzi wa miche kwenye kilima cha serikali juu ya kijiji chetu, upande wa Marani. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini miti mikubwa ilikatwa, zikapandwa saipresi changa, nazo zikaliwa zote na pongo, wale swala wa msituni wenye madoa ubavuni. Zikapandwa tena. Tukaambiwa wazi kwamba zikiliwa mara ya pili, kilima kitakatwa viwanja wapewe wakubwa, na chemchemi zetu zote zinatoka humo. Jamaa akazungushia kila mche miiba, akapaka majani samadi iliyokorogwa na maji ili yanuke. Wapi! Kila Jumapili asubuhi alikuta ncha zimekatwa. Akawaza weee, mwishowe akang'amua. Siku nyingine tunachuma chai kando ya msitu, tunapiga kelele, mbwa wanabweka, pongo hawathubutu kutoka. Jumamosi kijiji kizima kiko kanisani, kimya. "Karani," aliniambia, maana mimi nilikuwa karani wa kanisa, "hawa wanyama wameijua kalenda yetu. Lakini wao si Wasabato!" Tulicheka sana. Akamtafuta jirani Mkatoliki amshikie zamu. Yule alipanda kilimani mara mbili tu, kisha akasema Jumamosi ndiyo siku yake ya soko.

Basi akaanza kushinda huko mwenyewe Jumamosi, akigonga debe tupu kuwafukuza pongo. Wazee wa kanisa wakamwita. "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hatumtoi?" aliuliza. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Ng'ombe ana uhai, baba. Huo ni mti." Naye akasema, "Na maji ya kisima chako, mzee, hayana uhai?" Lo! Hapo ndipo alipoharibu, kwani kwetu mkubwa hahojiwi mbele za watu. Ikapigwa kura ya kumwondoa katika ushirika, kwa kunyoosha mikono kama ilivyo desturi. Nami nilinyoosha wangu, kisha nikaliandika jina lake kitabuni kwa mwandiko mzuri. Sikuwa na chuki naye hata chembe. Niliogopa kuonekana peke yangu, basi.

Hakuacha. Kila Jumamosi tukiwa kwenye nyimbo tulisikia debe likilia kilimani, nasi tukaongeza sauti. Miche ikashika, kilima hakikugawiwa, na maji tunateka mpaka leo, wazee wale wakiwemo. Mwaka jana tulikutana sokoni Marani. Akavua kofia, akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Karani, miti imepita midomo ya pongo," akasema. "Siku hizi Jumamosi sina kazi." Nikamwambia vizuri sana, Mungu ni mwema, nikaenda kutafuta ndizi.

Mtu mzima alinivulia kofia katikati ya soko, nami nikadhani ananipa habari za miti. Mimi, ninayejifanya kuishi kwa maneno! Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu hata mjukuu huyo hajafika bado, nimekaa tu, chai inapoa mezani. Ninachokijua ni kwamba sisi watu wa huku ni hodari wa kumtoa mtu, mikono hupanda haraka kweli, lakini kumrudisha hatuna utaratibu. Tulimngoja ashuke atubu. Naye alingoja mmoja wetu amwambie karibu. Kama kwenu yuko mtu mliyemtenga, mwendeeni wiki hii. Msingoje aombe kwa maneno yaliyonyooka, kwa maana huenda alikwishaomba, nanyi mkamwitikia "vizuri sana" mkaenda zenu.